Mfano wa tovuti ya kufundishia Kiswahili: karatasi, Figma, Twine, H5P au msimbo wako mwenyewe?

Walimu wanaofundisha wageni Kiswahili hapa Tanga hawakosi wanafunzi. Wapo wanaokuja kujitolea mahospitalini na mashuleni, wapo watafiti wanaopanda Amani na Lushoto, wapo watalii wanaopita tu kuelekea Pangani lakini wanataka wafike wakijua kusalimia. Masomo hufanyika barazani, ana kwa ana, na mgeni akishapanda basi pale Kange ndiyo imetoka hiyo. Hapo wazo la tovuti huja lenyewe: mtu aendelee kujifunza akiwa kwao, asikie sauti za watu wa huku, ajibu maswali, asahihishwe.

Ni wazo ninalolipenda kwa dhati. Kozi kubwa za mtandaoni zipo, na zimesaidia wengi. Ile ya Duolingo ya Kiswahili ilifunguliwa 2017 kwa kazi ya watu wa kujitolea. Lakini mgeni anayetaka kununua samaki kwenye soko la Deep Sea, au kumwamkia mama mwenye nyumba wake Chumbageni, anahitaji masomo yaliyotungwa na mtu anayeishi hapa.

Kinachokwamisha wengi ni namna ya kuanza. Mwalimu anatafuta fundi wa tovuti, anatoa hela, anasubiri miezi, kisha anakabidhiwa tovuti yenye picha nzuri ya bahari isiyomfundisha mtu lolote. Kabla ya kufika huko unatakiwa mfano wa majaribio: somo moja tu, linaloweza kuwekwa mbele ya mwanafunzi wa kweli leo mchana na kurekebishwa leo jioni. Njia za kutengeneza mfano huo ni nyingi. Ninazolinganisha hapa ni tano: karatasi, Figma (pamoja na ndugu yake Penpot), Twine, H5P, na kuandika msimbo (maagizo ya kompyuta) mwenyewe.

Kipimo changu kikuu ni kimoja: mwanafunzi akikosea, kinatokea nini? Akijibu sawasawa, kila njia inafanya kazi. Alama ya kijani inatokea, mtu anasonga mbele. Somo la lugha hufanyika pale alipokosea. Kama jibu la tovuti ni “Si sahihi, jaribu tena” peke yake, mwanafunzi atabahatisha mpaka apatie, na hatajua kwa nini. Mwalimu wa barazani hafanyi hivyo. Kwa hiyo nauliza kila chombo: unaniwezesha kumjibu aliyekosea kama mwalimu anavyomjibu?

Somo la kupimia ni hili. Mwanafunzi yuko Deep Sea mbele ya meza ya samaki. Anatakiwa kumsalimia mama muuzaji, kuuliza bei ya samaki aina ya changu, kupunguziwa kidogo, na kuondoka na samaki wake. Kosa linalotarajiwa tunalijua: atasema “hii samaki bei gani?” Muuzaji halisi hatamkatiza ampe darasa la ngeli. Atasema, “Huyu? Huyu elfu nane.” Mgeni amesikia “huyu” mara mbili na mazungumzo yameendelea. Ndivyo ninavyotaka mfano wetu ufanye.

Karatasi na sauti ya mtu

Hii ndiyo njia ninayomshauri kila mwalimu aanzie, hata kama ana mtoto wa kaka yake anayejua kuprogramu. Kata manila vipande vyenye ukubwa wa simu. Kipande kimoja ni skrini moja. Chora mahali pa picha, andika maneno, weka “vitufe”. Mwanafunzi anagusa karatasi kwa kidole, na mtu wa pili, aliyekaa kimya upande wa pili wa meza, ndiye kompyuta: anaondoa kipande na kuweka kinachofuata. Sauti zitoke kwenye simu yako uliyorekodia, au msaidizi asome yeye mwenyewe.

Mbinu ya kumficha mtu ndani ya mashine ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 J. F. Kelley, mtafiti wa Marekani, aliitumia kujaribu programu ya kalenda iliyopokea Kiingereza cha kawaida. Mwanzoni aliyekuwa anajibu ni mtu, na kutokana na majibu ya watu ndipo programu ikajengwa. Kwa somo la lugha faida ni hiyo hiyo. Mwanafunzi anaweza kusema chochote, nawe unakisikia. Figma haitakuletea kosa ambalo hukulichora, lakini karatasi itakuletea. Keti na mwanafunzi, acha daftari wazi, andika kila alichosema vibaya kwa maneno yake hasa. Orodha hiyo ya makosa ni mali kuliko skrini zote utakazochora baadaye, kwa sababu ndiyo itakayokuwa majibu ya kuchagua, vidokezo na maelezo ya tovuti yako.

Wangapi wanatosha? Mwaka 2000 Jakob Nielsen aliandika kuwa watumiaji watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti, kama asilimia 85 kwa hesabu yake. Kwa vitufe na menyu nakubali. Kwa makosa ya lugha ningeongeza sharti: wasiwe wa lugha moja. Mjerumani na Mkorea hawakosei mahali pamoja, na ukijaribu kwa Wajerumani watano utakuwa umejenga tovuti ya Wajerumani.

Udhaifu wa karatasi uko wazi. Haiendi mbali na wewe, haihifadhi alama, na mwanafunzi aliye kwao hawezi kuijaribu. Kasi ya “kompyuta” yako ni kasi ya mkono wa mtu. Lakini hakuna njia nyingine inayokuruhusu kubadilisha swali mwanafunzi akiwa bado amekaa mbele yako.

Figma na Penpot

Figma ilifunguliwa kwa watu wote 2016 na sasa ndiyo chombo cha kawaida cha wabunifu wa skrini. Unachora kila skrini kwenye kivinjari, unaunganisha kitufe hiki na skrini ile, unapata kiungo cha kumtumia mtu aguse kwenye simu yake kama tovuti ya kweli. Penpot hufanya kazi ya namna hiyo na ni programu huria, ya bure. Kwa kikundi kisicho na bajeti ningeanza na Penpot bila kusita.

Uzuri wake ni muonekano. Utajua kama herufi zinasomeka juani, kama kitufe cha kusikiliza kinaonekana, kama kidole gumba kinafika chini ya skrini. Watu watatu wanaobishana kuhusu ukurasa wa mbele wakionyeshwa mchoro mmoja, ubishi unapungua.

Sasa rudi kwenye kipimo chetu. Tuseme swali ni kupanga kadi nne: samaki, huyu, bei, gani. Kadi nne zinapangika kwa namna 24. Kati ya hizo nne zinakubalika, kwa sababu msemaji wa Kiswahili anaweza kuanza na “samaki huyu”, “huyu samaki” au “bei gani”. Zinabaki namna 20 za kukosea, na Figma inataka kila unachotaka kitokee kiwe kimechorwa au kimetegwa. Ukiongeza kadi ya tano, “ni”, umefika namna 120. Hakuna atakayechora hizo. Mbunifu huchora njia moja sahihi na njia moja ya kosa, na mjaribuji akigusa pengine popote hakuna kinachotokea. Tangu 2023 Figma ina vigeu na masharti vinavyopunguza shida hiyo, lakini ukifikia kuvipanga umeshaanza kuprogramu, tena ndani ya kitu ambacho hakitakuwa tovuti.

Vilevile mjaribuji hawezi kuandika jibu lake katika mchoro wa kawaida. Sehemu ya kuandikia ni picha tu. Somo la kuandika kwa hiyo halipimiki kabisa. Hata sauti ina ujanja wake usioonekana kwenye mchoro: tangu 2018 Chrome huzuia ukurasa kupiga sauti wenyewe kabla mtumiaji hajagusa kitu. Mchoro unaosema “sauti inaanza ukurasa ukifunguka” utakubaliwa na wote mezani, kisha utakataa kwenye simu.

Sisemi Figma ni mbaya. Nasema inajibu swali la “itaonekanaje”, nalo kwa tovuti ya lugha si swali la kwanza.

Twine

Hii watu wengi hawaijui, na kwangu ndiyo inayopuuzwa bila haki. Chris Klimas aliitoa 2009 kwa ajili ya hadithi zenye matawi: msomaji anachagua, hadithi inaelekea huko. Ni ya bure. Mazungumzo ya sokoni ni hadithi yenye matawi, basi inatufaa bila kulazimisha.

Unachoandika ni hiki:

Mama muuzaji anainua uso.
[[Shikamoo, mama->Marahaba]]
[[Mambo vipi?->Ananuna]]

Mabano mawili ya mraba hutengeneza kiungo. Kilicho kushoto kwa mshale ndicho mwanafunzi anachokiona, kilicho kulia ni kisanduku anachopelekwa. Kwenye “Marahaba” mama anasema, “Marahaba mwanangu, karibu.” Kwenye “Ananuna” mama anaendelea kupanga samaki wake, kisha anasema bila kumtazama, “Haya, wasemaje?” na bei inaanzia juu zaidi. Mwanafunzi hajaambiwa amekosea. Ameona gharama ya kutoamkia. Kosa la adabu, ambalo ndilo linaloumiza wageni Tanga kuliko kosa la sarufi, halifundishiki vizuri kwa alama ya vema na kosa. Kwa matawi linafundishika.

Kazi yote hutoka ikiwa faili moja la HTML, yaani ukurasa wa tovuti. Unaweza kumtumia mtu kwa WhatsApp akafungua kwenye kivinjari. Mwalimu asiyejua kuprogramu anaweza kujifunza mabano yale kwa nusu saa na kuanza kutunga.

Mipaka yake: sauti hukaa kwenye mafaili ya pembeni, kwa hiyo ukituma faili moja peke yake mazungumzo yatafika yakiwa bubu, isipokuwa uyaweke mtandaoni pamoja. Kuandika jibu kwa herufi kunawezekana lakini hapo unaingia kwenye msimbo. Na matawi yana tabia ya kuzaana. Kila chaguo tatu zikizaa tatu, hatua ya nne tu una visanduku 81. Dawa ni kuyarudisha matawi kwenye shina mapema: anune asinune, mama atauza samaki.

H5P

Hapa tunaingia kwenye kitu kinachoweza kuanza kama mfano na kuishia kuwa tovuti yenyewe. H5P ni mkusanyiko wa mazoezi shirikishi yaliyo tayari: kujaza nafasi, kuchagua jibu, kuburuta maneno, kadi zenye picha na sauti, imla, video inayosimama na kuuliza swali, hata mazungumzo yenye matawi. Inaingia kama programu-jalizi kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, na Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, inayo ndani yake. Kuanzia toleo la 3.9 la 2020 unaweza kutengeneza zoezi na kuliweka kama shughuli ya kozi bila kuongeza kitu. Kwa mfano wa majaribio huhitaji hata seva: kuna programu ya bure iitwayo Lumi unayoiweka kwenye kompyuta, unatengeneza mazoezi bila intaneti, kisha unayatoa yakiwa faili la HTML. Kwa mwalimu wa Muheza au Pangani anayehesabu bando, hilo ni jambo kubwa.

Swali la kuchagua jibu linakuruhusu kuweka maelezo tofauti kwa kila jibu la kosa. Kwa hiyo anayechagua “samaki hii” anaweza kupata jibu la mama kwa maandishi, “Huyu? Huyu elfu nane,” na anayechagua “samaki hizi” akapata kingine. Ile orodha ya makosa uliyoiandika kwenye karatasi sasa inapata makazi.

Kujaza nafasi kunaandikwa hivi:

*Waenda/Unaenda:Unamuuliza mtu mmoja* wapi?

Nyota huzunguka nafasi, mkwaju (/) hutenganisha majibu yanayokubalika, nukta mbili huanzisha dokezo. Mkwaju huo una thamani kwetu. Mwanafunzi aliyekaa Ngamiani wiki mbili ataandika “waenda”, kwa sababu ndivyo anavyosikia, na tovuti ikimwambia amekosea itakuwa imemfundisha kutoamini masikio yake.

Lakini upo mtego ambao lazima niukazie, maana umekaa kama msaada. Kwenye kujaza nafasi kuna chaguo la kusamehe makosa madogo ya tahajia: neno fupi husamehewa herufi moja, neno linalozidi herufi 9 husamehewa mbili. Kwa Kiingereza linasaidia. Kwa Kiswahili linaua somo, kwa kuwa nafsi na ngeli zetu zinabebwa na herufi moja au mbili za mwanzo wa neno. Jibu likiwa “unapenda”, mwanafunzi akaandika “anapenda”, tofauti ni herufi moja: mashine itampa alama. Jibu likiwa “tunapendana” na yeye akaandika “wanapendana”, tofauti ni herufi mbili kwenye neno la herufi 11: atapewa alama pia. Somo zima la nafsi limepita bila yeye kujua wala wewe kujua. Liache chaguo hilo limezimwa, na makosa ya tahajia unayotaka kuyasamehe yaandike wewe mwenyewe baada ya mkwaju.

Kuna mengine madogo. Zoezi la kawaida la kujaza nafasi haliwezi kulijibu kosa mahususi aliloandika mwanafunzi. Linajua sahihi na si sahihi, kisha linatoa maelezo ya jumla kufuata alama. Kuburuta maneno kwenye skrini ndogo ya simu kunachosha. Muonekano wa mazoezi unafanana kila mahali, na kuubadilisha kunataka fundi. Kipengele cha mwanafunzi kutamka na mashine kumhukumu kinategemea utambuzi wa sauti wa kivinjari na intaneti. Kwenye mfano wa kwanza nisingekigusa. Tumia kile cha kujirekodi, asikilize sauti yake kisha asikilize ya mama wa Deep Sea, alinganishe mwenyewe.

Msimbo wako mwenyewe

HTML, CSS na JavaScript, lugha za kuandikia kurasa za tovuti, bila mfumo mkubwa juu yake. Ukurasa mmoja, somo moja. Unaweza kuuweka bure kwenye GitHub Pages, inayoruhusu tovuti ya hadi GB 1, nafasi ya kutosha kwa masomo mengi.

Hapa kosa linajibiwa unavyotaka. Ningependa somo likae kwenye jedwali, si ndani ya msimbo, ili mwalimu alibadilishe bila kumsubiri fundi. Mstari mmoja wa jedwali uwe hivi:

Swali: Muulize mama bei ya changu
Sauti: changu01.mp3
Yanayokubalika: samaki huyu bei gani | huyu samaki ni bei gani | changu huyu shilingi ngapi
Kosa linalojulikana: hii samaki | samaki hii
Itikio: Huyu? Huyu elfu nane.

Programu inasoma alichoandika mwanafunzi, inakigeuza herufi ndogo, inaondoa alama ya kuuliza na nafasi zilizozidi, kisha inatafuta. Likiwa kwenye safu ya yanayokubalika, sawa. Likiwa na kosa linalojulikana, mama anajibu kwa itikio lake. Lisipokuwa popote, linahifadhiwa kwa mwalimu kulisoma. Hilo ndilo kosa jipya la kuongeza kwenye jedwali. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokua hivyo, na ndiyo sababu naiheshimu sana.

Ila kila kitu utakifikiria wewe, pamoja na vitu ambavyo hukujua vinafikirika. Mfano mmoja: mwanafunzi anaandika “ng'ombe” kwenye iPhone. Kibodi yake hugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa programu ni herufi mbili tofauti, na jibu sahihi linakataliwa. Msimbo lazima uzisawazishe alama hizo kabla ya kulinganisha. (Kwenye H5P utaandika zote mbili, ukitenganisha kwa mkwaju.) Mfano wa pili: simu ya mgeni inasahihisha kwa lugha yake, inageuza neno la Kiswahili kuwa neno la kwao wakati anaandika. Zima usahihishaji kwenye sehemu ya kuandikia, na uueleze ukurasa kuwa lugha yake ni “sw”.

Marudio ya maneno nayo hupangika kirahisi. Mwandishi Sebastian Leitner alieleza 1972 mpango wa visanduku vya kadi: neno ulilopatia linahamia kisanduku cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, ulilokosea linarudi cha kwanza. Kwa JavaScript ni kazi ya jioni moja, na hali ya kila neno hukaa kwenye simu ya mwanafunzi bila akaunti yoyote.

Hatari kubwa ya njia hii haiko kwenye kompyuta. Ni kijana aliyeandika msimbo kupata kazi Dar, na mwalimu kubaki na tovuti asiyoweza kubadilisha neno. Jedwali linasaidia, kumfundisha mtu wa pili tangu mwanzo kunasaidia zaidi.

Sauti, bando na mahali pa kurekodia

Njia zote zenye sauti zinategemea ukubwa wa mafaili, na hapo mifano mingi mizuri hufia. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, ya ubora wa CD, ni takriban MB 10. Dakika hiyo hiyo kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni KB 480, na kwa sauti ya mtu mmoja anayezungumza inatosha kabisa. Neno la sekunde mbili linakuwa KB 16. Maneno 200 yanakuwa MB 3.2. Hifadhi nakala isiyobanwa nyumbani, weka iliyobanwa kwenye tovuti. Programu ya Audacity hufanya hivyo bure.

Rekodi chumbani, pazia limefungwa, feni imezimwa, godoro limeegemezwa ukutani ukiweza. Bodaboda na paa la bati wakati wa mvua havitoki kwenye rekodi baadaye. Na usirekodi sauti yako peke yako. Mwanafunzi aliyezoea sauti moja ya mwalimu anapotea akizungumzishwa na bibi, kondakta, na mtoto wa jirani.

Upande wa msimbo unashinda kwenye mtandao hafifu: ukurasa mwepesi unaweza kupangwa ujihifadhi kwenye simu na kufanya kazi bila intaneti. WordPress yenye H5P ni nzito zaidi kupakua. Moodle ni nzito kuitunza, na sioni sababu ya kuanzia nayo kama huna madarasa, vikundi na alama za kutunza.

Akaunti na sheria

Tofauti nyingine isiyozungumzwa sana: Moodle hutaka wanafunzi wajiandikishe, na WordPress hufanya hivyo pia ukitaka kuona maendeleo yao. Ukianza kukusanya majina, barua pepe na rekodi za sauti, umeingia ndani ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mfano wa majaribio hauhitaji hayo yote. Karatasi, Twine na msimbo unaotunza kumbukumbu kwenye simu ya mtumiaji vinakuepusha. Ila yale majibu mapya yanayomfikia mwalimu yatumwe bila jina, na mwanafunzi aambiwe. Wanaokurekodia sauti nao waambiwe itatumika wapi, wakubali kwa maandishi, na walipwe kwa muda wao.

Uchague ipi

Mwalimu peke yake, asiye na fundi: karatasi kwanza, kisha Twine kwa somo la mazungumzo na H5P kupitia Lumi kwa mazoezi ya sarufi. Usihangaike kuviunganisha kwenye mfano. Kiungo kimoja cha hiki na kimoja cha kile vinatosha kwa wajaribuji.

Chuo au kituo chenye wanafunzi wengi na kompyuta zake: karatasi, kisha H5P ndani ya WordPress. Moodle ije baadaye kama alama zitahitajika.

Vijana wawili watatu wanaojua JavaScript, wakiwa na mwalimu mmoja anayekubali kukaa nao: karatasi, kisha msimbo wenye jedwali. Mwalimu asiyekaa nao akiwapa tu orodha ya maneno kwa simu, wachague H5P, kwa sababu jedwali bila mwalimu wa kulijaza makosa ni jedwali tupu.

Na kama yupo mfadhili anayetaka kuona kabla ya kutoa, chora skrini tatu kwenye Penpot: ukurasa wa mbele, mazungumzo na mama wa samaki, na skrini ya mwanafunzi aliyekosea. Hiyo ya tatu ndiyo umuonyeshe kwanza, huku sauti ya mama ikitoka kwenye simu yako.